KISANDUKU KINACHOBEBA KILO ZETU



Anayelipwa kwa mwezi huangalia kalenda, anayelipwa kwa kilo huangalia mizani. Kwa mchuma chai, kwa mama anayeleta matunda ya kahawa kwenye kituo cha kuoshea, kwa mpakiaji anayehesabiwa magunia yake, mizani ndiyo inayoamua jioni nyumbani kutainjikwa nini. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi wa shamba asiyejua maana ya kusimama karibu na mizani na kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Siku hizi mizani imepata msaidizi. Ni kisanduku kidogo, sawa na kibiriti, kilichochomekwa nyuma yake. Hakina namba usoni, hakina sauti, kina taa moja tu inayopepesa. Kazi yake ni kuchukua uzito uliosomwa na mizani na kuupeleka hewani, bila waya, hadi kwenye simu au kompyuta ya karani. Mafundi wanakiita adapta ya Bluetooth ya siriali. Sisi tutakiita mjumbe. Kilo zako zinatoka kwenye mizani, zinapita kwa mjumbe huyo, ndipo zinaingia katika hesabu ya mshahara. Mjumbe akifika salama, unalipwa ulichochuma. Mjumbe akipotea njiani, au akifika na nusu ya habari, mshahara wako unapungua bila mtu yeyote kunyoosha mkono kukuibia.

Tunasema wazi tangu mwanzo. Mjumbe huyu lazima ajulikane na wafanyakazi, si na fundi wa kampuni peke yake. Na namba inayoonekana kwenye uso wa mizani ndiyo iwe namba ya kulipia. Ile iliyoko kwenye simu ni nakala, na nakala ikipingana na asili, asili ndiyo inayoshinda.

KWA NINI TUNALISEMA KUTOKA MUSAGA

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunakaa Musaga, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 7 inayopanda kwenda Ijenda. Asubuhi wengi wetu tunashuka kwenda viwandani mjini. Wazazi na ndugu zetu wako juu milimani, kwenye nchi ya chai. Barabara ni moja: majani yanashuka, sabuni na chumvi vinapanda, na habari za kazi zinapita pande zote mbili.

Katika karitie yetu wapo vijana wanaotengeneza simu na redio, na baadhi yao wameanza kuletewa visanduku hivi kutoka maghalani na vituo vya kupimia. Mara nyingi anayekileta ni karani mwenyewe, kwa nauli yake, na hofu iko usoni: ameambiwa kilo zilizokosekana zitakatwa kwenye mshahara wake. Fundi anakifungua, anakuta hakijaharibika hata kidogo. Kilipangwa vibaya tu, au pini mbili zilipishana. Kazi ya robo saa imegeuka kuwa deni la mwezi mzima kwa mtu asiye na kosa.

Jambo la namna hii haliwezi kuachwa kuwa siri ya mafundi. Ni jambo la sendika.

MJUMBE HUYU NI NANI

Mizani za elektroniki, na mashine nyingi za viwandani, zina lango nyuma lenye pini tisa. Kanuni ya lango hilo inaitwa RS-232. Ilitolewa Marekani mwaka 1960, miaka miwili kabla ya Burundi kupata uhuru. Ni lango la kizee lakini ni la kuaminika. Linapeleka herufi moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kama watu wanaopita mlango mwembamba kwa foleni. Ndiyo maana linaitwa la siriali, yaani la mfululizo.

Bluetooth ilikuja baadaye. Ilianza kutayarishwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Sweden, na mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana kuisimamia. Jina lake ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Bluetooth. Inatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na inaruka kutoka mkondo hadi mkondo mara 1600 kwa sekunde ili kukwepa kelele za redio nyingine.

Adapta inakaa katikati ya wazee hawa wawili kama mkalimani. Upande mmoja inasikiliza mizani kwa waya, upande wa pili inasema na simu kwa redio. Ikipangwa sawasawa, inafanya kazi vizuri sana. Kwa mwendo wa kawaida wa 9600, inaweza kupeleka herufi 960 kwa sekunde moja, na uzito wa gunia lako hauzidi herufi 20 hivi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kilo zako zilipotea kwa sababu watu walikuwa wengi na mashine ikachoka. Mashine hiyo haichoki. Kama kilo zimepotea, kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika.

JINSI YA KUKIUNGA

Tunaandika hatua hizi kwa ajili ya makarani, mafundi wa viwanda na wajumbe wa wafanyakazi. Asiyetaka kushika waya na azisome pia, ili ajue la kuuliza.

Kwanza, tazama lango la mizani. Katika pini tisa, tatu ndizo zinazofanya kazi kubwa: ya 2 na ya 3 hupeleka na kupokea, ya 5 ni ardhi. Lango la RS-232 hutoa umeme wa kuanzia volti 3 hadi 15, chanya na hasi. Adapta iliyotengenezwa ikiwa na kichwa cha pini tisa huuvumilia umeme huo. Lakini ziko sehemu ndogo tupu zinazouzwa kwa bei nafuu, kama ile iitwayo HC-05, ambazo pini zake za mazungumzo zinataka volti 3.3 tu. Ukiiunga moja kwa moja na mizani, utaiunguza. Katikati lazima kiwekwe kigeuzi, kama MAX3232, cha kushusha umeme huo.

Pili, fungua kitabu cha mizani na uandike mambo manne: mwendo wake kwa baudi, idadi ya biti, pariti, na biti ya kusimamia. Mizani nyingi hutumia 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamia, lakini nyingine hutumia 2400 au 4800, na nyingine biti 7 na pariti. Adapta lazima ipangwe vilevile, neno kwa neno. Kwa HC-05, bonyeza kitufe chake wakati unapoiwasha, zungumza nayo kwa mwendo wa 38400, na uiandikie AT+UART=9600,0,0 kama mizani yako ni ya 9600. Kisha izime na uiwashe tena.

Tatu, ipe umeme wake. Usidhani kwamba lango la mizani litailisha. Malango mengi hayatoi umeme wa kutosha. Kama inatumia betri, iwe na betri ya akiba, kwa sababu kituo cha mlimani hakina soketi, na hata mjini umeme hukatika.

Nne, badilisha jina na namba ya siri. Adapta nyingi hutoka kiwandani na namba 1234 au 0000. Kuiacha hivyo ni sawa na kufunga ghala na kuacha ufunguo juu ya kizingiti. Yeyote aliye karibu na simu yake anaweza kujiunga nayo. Iite MIZANI-1 au MIZANI-2, na uandike jina hilo kwa rangi juu ya mizani yenyewe, ili simu ya karani wa kwanza isichukue kilo za foleni ya pili.

Tano, oanisha na simu au kompyuta. Hapa wengi hukwama. Kuoanisha ni kufahamiana tu, bado si kuzungumza. Kwenye simu ya Android, mazungumzo huanza pale programu ya kupimia inapofunguliwa na kuchagua adapta. Kwenye kompyuta ya Windows, adapta hupewa lango la COM lenye namba, na mara nyingi hupewa mawili, moja la kutoka na moja la kuingia. Chagua la kutoka. Na simu za iPhone haziongei na adapta za kawaida za aina hii. Usipoteze siku yako kuzilazimisha.

Sita, jaribu kabla ya watu kufika. Tumia kwanza programu nyepesi inayoonyesha herufi kama zinavyokuja, kabla ya kufungua programu ya ofisi. Weka juu ya mizani jiwe la uzito unaojulikana, tuseme kilo 20. Soma uso wa mizani, kisha soma simu. Zikilingana mara tatu, kazi ianze.

KIKIGOMA, TAFUTA HIVI

Karani aliye peke yake mbele ya foleni ya watu waliochoka huanza kubonyeza kila kitu. Asifanye hivyo. Matatizo ni machache na kila moja lina alama yake.

Kama simu haikioni kisanduku kabisa, angalia umeme, halafu uulize: kuna simu nyingine iliyokishika? Adapta ya namba hii huzungumza na mmoja kwa wakati mmoja. Simu ya msimamizi iliyojiunga jana na kusahauliwa mfukoni inaweza kuzuia kazi ya kituo kizima. Kwenye HC-05, taa inayopepesa harakaharaka ina maana hakuna aliyejiunga. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza, ikarudia, kuna mtu amekwisha jiunga.

Kama simu imeungana lakini hakuna namba inayokuja, huenda pini ya 2 na ya 3 zimepishana, yaani pande zote mbili zinasema na hakuna anayesikiliza. Au mizani imepangwa kupeleka uzito pale tu kitufe cha kuchapisha kinapobonyezwa, nawe unasubiri ije yenyewe. Au upande mmoja unangoja ruhusa ya mwingine kabla ya kusema. Zima udhibiti huo kama kitabu cha mizani hakiutaki.

Kama zinakuja herufi za ajabu, mwendo au pariti havilingani. Kisanduku hakijafa. Rudi kwenye yale mambo manne uliyoandika.

Kama mawasiliano yanakatika na kurudi, tazama mahali ulipokiweka. Adapta ndogo hufika mita 10 hivi mahali penye uwazi. Maji huzuia mawimbi haya, na magunia ya majani mabichi yamejaa maji, sawasawa na miili ya watu. Kisanduku kilichofunikwa na rundo la chai hakisikiki mbali. Bati na chuma pia humzuia mjumbe. Kiinue juu, kikae upande wa simu, na ukifunike na mvua bila kukifungia ndani ya kopo la chuma.

Na ukitaka kujua kosa liko upande gani, uko mtihani mmoja ambao kila mjumbe wa wafanyakazi anapaswa kuujua. Kichomoe kisanduku kwenye mizani. Unganisha pini yake ya 2 na ya 3 kwa kipande kifupi cha waya. Kwenye simu, andika neno lolote na ulitume. Neno likirudi kama lilivyokwenda, basi kisanduku na simu ni vizima, na kosa liko kwenye mizani, kwenye waya wake, au kwenye mipangilio. Lisiporudi, kosa liko kwa kisanduku au kwa simu. Mtihani huo huchukua dakika tano, na unaweza kumwokoa karani na deni la miezi.

KOSA LISILOONEKANA

Ndugu, kisanduku kinachogoma si kibaya sana. Kila mtu anaona kwamba kimegoma, kazi inasimama, daftari linafunguliwa. Kibaya ni kile kinachoendelea kufanya kazi huku kikikosea, au programu inayokipokea ikikosea. Hapo hakuna kelele, hakuna taa nyekundu. Kuna mshahara mdogo tu mwisho wa mwezi.

Mfano wa kwanza ni nukta. Mizani imesema kilo 18.7. Programu ilitengenezwa vibaya, inachukua kilo kamili tu, ikaandika 18. Umepoteza gramu 700. Ukipima mara mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kila mara ikikatwa hivyo, umepoteza kilo 36.4. Hayo ni karibu magunia mawili mazima uliyochuma, ukayabeba mgongoni, na hukulipwa. Chukua wachumaji 40 wa namna hiyo, na shamba limepata kilo 1456 za bure kwa mwezi mmoja, na huenda hata mwenye shamba hajui.

Mfano wa pili ni gunia linaloning'inia. Likitundikwa, huyumba, na namba hupanda na kushuka. Mizani nyingi zimetengenezwa kuweka herufi ST mbele ya uzito uliotulia, na US mbele ya uzito ambao bado unacheza. Programu nzuri hungoja ST. Programu mbaya huchukua namba yoyote iliyopita, na ikikamata gunia likiwa linapanda, hasara ni yako.

Mfano wa tatu ni sentensi iliyokatika. Mawasiliano yakikatika katikati, 18.7 inaweza kufika ikiwa 8.7. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hukagua kwamba sentensi imeanza na kumalizika. Ile iliyotengenezwa kwa haraka huiamini nusu.

Mfano wa nne unatupendelea sisi, nao tuuseme pia. Karani anabonyeza, haoni jibu, anabonyeza tena, na gunia moja linaandikwa mara mbili. Leo umefurahi. Mwisho wa mwezi kiwanda kinapima majani yaliyofika, kinakuta yamepungua kuliko hesabu, na kilo zinakatwa kwa kila mtu, hata kwa yule aliyepimiwa sawasawa. Kosa la kupendelewa nalo hulipwa, na mara nyingi hulipwa na asiyehusika.

Kisha uko uzito wa gunia tupu. Kuutoa ni haki, lakini utolewe ule uliopimwa mbele ya watu, tena utolewe mara moja. Kama mizani imekwisha utoa na programu ikautoa tena, mchumaji amekatwa mara mbili kwa gunia lilelile.

NI NANI ALIPE

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, yaachiwe wataalamu. Tunawajibu kwamba mshahara si jambo la kitaalamu. Mchumaji hahitaji kujua redio inavyotengenezwa, kama vile asivyohitaji kujua injini ya lori linalobeba majani. Lakini ana haki ya kujua lori limefika au limepinduka.

Wapo pia wenzetu watakaosema mizani hizi ziondolewe, turudi kwenye mizani ya mshale na daftari la karani. Hao nao hatukubaliani nao. Mizani ya mshale ilisomwa na mtu mmoja, na yeye ndiye aliyeandika. Aliyekuwa na ugomvi na kapita alijua siku hiyo kilo zake zitakuwaje. Huko Kenya, KTDA, inayohudumia wakulima wadogo wa chai, ilileta mizani za elektroniki kwenye vituo vya kununulia majani, na mkulima hupewa karatasi iliyochapishwa yenye kilo zake. Karatasi hiyo mkononi ndiyo faida. Tunajua pia kwamba mwezi Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika ghasia, na mtu alipoteza maisha. Mashine inayomnyang'anya mtu kazi ni hoja nzito, nayo ina siku yake. Kisanduku hiki hakichumi chai. Kinabeba habari tu, na habari ya kweli haijawahi kuwa adui wa mfanyakazi.

Tatizo ni mzigo wa kosa. Mwenye shamba amenunua adapta ya bei nafuu, hakumpa karani mafunzo, hakuweka betri ya akiba, hakuchapisha karatasi. Kisha kilo zikikosekana, wanaotazamana kwa hasira ni karani na mchumaji, wote wawili wafanyakazi, wote wawili wakiwa wamesimama katika matope yaleyale. Mchumaji anasema karani ni mwizi. Karani anasema mchumaji ni mwongo. Na aliyenunua kisanduku yuko ofisini, hakutajwa.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu ulinzi wa mishahara. Unasema mfanyakazi aelezwe, kwa njia inayoeleweka kwa urahisi, jinsi mshahara wake ulivyofikiwa. Unasema pia kwamba mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa maoni yetu mambo hayo mawili yanatosha kuwa msingi. Mchumaji asiyeonyeshwa kilo zake siku ileile hajaelezwa mshahara wake. Na karani anayekatwa faranga kwa sababu betri ya mwajiri imekwisha anabebeshwa gharama ya chombo ambacho si chake.

TUNATAKA NINI

Tunapendekeza kila tawi la sendika, shambani na kiwandani, lipeleke mambo haya kwa mwajiri na kutaka yaandikwe katika mkataba wa pamoja:

1. Uso wa mizani uelekee kwa mchumaji, na namba itamkwe kwa sauti kabla ya karani kubonyeza. Uso na simu vikitofautiana, uso ndio unaolipwa.

2. Kila mpimiwa apewe karatasi papo hapo, iliyochapishwa au iliyoandikwa kwa mkono, yenye tarehe, kilo pamoja na nukta yake, na uzito wa gunia uliotolewa.

3. Kila asubuhi jiwe la uzito unaojulikana lipimwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, kwenye mizani na kwenye simu. Matokeo yaandikwe na kutiwa sahihi. Muhuri wa mkaguzi wa vipimo uliobandikwa kwenye mizani haumwelezi mtu lolote juu ya kisanduku kilichochomekwa nyuma yake.

4. Kisanduku kikigoma, daftari la karatasi lifunguliwe mara moja na liwe na nguvu sawa. Watu wasingojeshwe jua likizama ili mashine irudi, maana majani yaliyochumwa hukauka gunia likiwa chini, na anayepoteza uzito huo ni mchumaji.

5. Karani apewe mafunzo kwa saa za kazi na kwa gharama ya mwajiri, na asikatwe mshahara kwa hitilafu ya chombo. Mtihani wa pini mbili ufanywe kwanza, mbele ya mashahidi, kabla ya mtu yeyote kuitwa mwizi.

6. Namba ya siri ya adapta ibadilishwe, ijulikane na karani na msimamizi wake, na iandikwe kila mara simu nyingine inapounganishwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya. Daftari, kalamu, jiwe la mizani, betri ya pili na kipande cha waya, vyote hivyo havifikii gharama ya siku moja ya kazi iliyosimama. Mwajiri mwenye nia njema atayakubali, kwa kuwa nukta iliyopotea leo dhidi yetu inaweza kupotea kesho dhidi yake. Mwajiri atakayeyakataa, tumuulize kwa heshima ni kitu gani katika kisanduku hicho hataki tukione.

Kazi nyingine ni yetu wenyewe. Katika kila kituo cha kupimia achaguliwe mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ajifunze hatua tulizoandika hapa hadi azijue kwa moyo. Asiogope kwamba hakusoma sana. Anayeweza kubadilisha betri ya redio na kusoma namba anaweza kufanya mtihani wa waya. Wanawake ni wengi katika foleni za chai na kahawa, nao wawe miongoni mwa wanaochaguliwa. Na karani aingizwe katika mkutano wa tawi kama mwenzetu. Yeye ndiye anayejua programu inakata nukta au haikati, naye atasema kweli akijua kwamba hatabaki peke yake baada ya kusema.

Kwenye mkutano wenu ujao wa tawi, liwekeni jambo hili katika ajenda, na muulizane maswali matatu. Kwetu, kilo zinapita wapi kutoka mizani hadi mshahara? Nani kati yetu anaijua njia hiyo? Na mara ya mwisho zilipopotea, nani alilipa? Majibu yakikosekana, basi mmekwisha pata kazi ya mwezi huu.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.